Namna ya Kulinganisha Machujio ya Maji ya Kunywa: Mwongozo kwa Kaya za Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Anayeingia duka la vyombo pale Makoroboi kutafuta chujio la maji huwa na swali moja: lipi zuri? Muuzaji naye hunyoosha mkono kwenye lile la bei kubwa, lenye mirija mingi na taa ya bluu. Wote wawili wameliruka swali linalotangulia, nalo ni hili: maji yenyewe yana nini?

Chujio linalozuia bakteria wa kipindupindu kwa uhakika linaweza kupitisha bila kuigusa floraidi yote, yaani madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Mtambo unaoondoa floraidi nao unaweza kuwa gharama ya bure kwa familia inayokunywa maji ya ziwa. Kwa hiyo tutaanza na maji, kisha kazi ya kila aina ya chujio, na bei tutaifikia baadaye. Ukifuata mpangilio huo hutanunua kitu kwa sababu tu kinang'aa.

HATUA YA 1: JUA MAJI YAKO YANATOKA WAPI

Maji ya bomba mjini. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, huvuta maji ziwani, huyasafisha kwenye mitambo kama ya Capripoint na Butimba, huyatia klorini, kisha huyasukuma hadi kwenye matangi ya vilimani. Shida kubwa huanzia njiani na nyumbani. Mji wetu ni wa milima na mawe, na kuna mitaa ya mgao. Bomba likikaa tupu, penye ufa au kiungio kilicholegea linaweza kunyonya maji ya mfereji yaliyo jirani. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao mara nyingi hutoka na tope. Yaache yamwagike kwenye ndoo ya kudekia mpaka yatakate, ndipo ukinge ya kunywa. Halafu kuna simtanki ambayo haijawahi kuoshwa tangu ifungwe, na ndoo isiyo na mfuniko. Adui hapa ni vijidudu vilivyoingia baada ya mtambo, pamoja na tope na kutu. Chumvi si adui.

Maji ya ziwa moja kwa moja. Ukerewe, Kome, Igombe, Luchelele na kambi nyingi za wavuvi bado kuna wanaoteka na kunywa. Hapa vijidudu wa kila aina wapo: bakteria wa kipindupindu na taifodi, virusi wa kuharisha, amiba na giadia. Mvua ikinyesha, tope na kinyesi cha watu na mifugo huteremka na mito hadi ziwani. Kwa walio mjini, Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kuishia humohumo. Kuna pia mwani. Maji yanapogeuka kijani na kufanya utando juu kama rangi iliyomwagika, huenda kuna mwani unaotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Usiteke penye utando. Sogea mbali na ghuba iliyotulia, au tafuta chanzo kingine mpaka upepo uutawanye.

Kuhusu kichocho, niseme wazi kwa sababu watu wengi huchanganya. Vimelea vya kichocho huingia kwa kupenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Chujio la jikoni halimkingi mtoto aliyeingia ziwani hadi magotini kuteka hayo maji. Tekeni kwenye gati au juu ya mawe bila kukanyaga maji, na maji ya kuoga yalale kwenye pipa lililofunikwa kwa siku moja hadi mbili. Vimelea hao hufa wasipopata mwili wa kuingia.

Kisima. Kisima kifupi kilicho karibu na choo kina vijidudu, na mara nyingi kina naitreti, ambayo ni hatari zaidi kwa watoto wachanga. Kisima kirefu huwa na vijidudu wachache lakini huleta yaliyomo kwenye mwamba. Ukielekea Shinyanga, Simiyu na Mara, floraidi ni jambo la kuuliza kwanza. Upande wa Geita, kwenye miamba ya dhahabu, kuna visima vyenye aseniki, ambayo ni sumu. Vyote viwili havina rangi, havina harufu, wala ladha ya kukushtua.

Maji ya mvua yana madini machache sana, lakini hubeba vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati, kwa hiyo mvua ya dakika za mwanzo isiingie tangini. Na maji ya boza au ya madumu yanayoletwa kwa mkokoteni, kama hujui yamejazwa wapi, yahesabu kuwa ya ziwani moja kwa moja.

HATUA YA 2: PIMA, NA USIPIME KITU KISICHOHUSIKA

Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Mwanza. Kabla ya kupeleka sampuli, nenda kachukue chupa yao, kwa kuwa chupa ya soda uliyoisuuza nyumbani itaharibu kipimo cha bakteria. Fungua koki, acha maji yatiririke dakika mbili, jaza bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya mfuniko, weka penye baridi na uifikishe siku hiyohiyo.

Waambie unataka nini. Kwa maji ya bomba, ziwa au mvua, omba bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi, na ukungu wa maji, yaani kiasi cha tope. Kwa kisima, ongeza floraidi, naitreti na aseniki. Majibu yalinganishe na viwango vya Shirika la Afya Duniani: E. coli asionekane hata mmoja kwenye mililita 100. Floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Naitreti isizidi 50. Aseniki isizidi 0.01. Ukitazama namba hiyo ya mwisho utaona kwa nini ulimi hauwezi kuwa maabara.

Sasa tuzungumzie kile kikalamu chenye kioo kinachoonyesha namba, kipimo cha TDS. Kinapima jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka, basi. Hakimwoni bakteria hata mmoja. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Madini yote yaliyoyeyuka ndani yake kwa kawaida hayafiki miligramu 100 kwa lita. Kikalamu kikionyesha 70 kwenye maji yaliyotekwa pembeni ya choo cha mwalo, namba inapendeza ilhali maji yanaua.

Kuna na onyesho jingine la mauzo ambalo lazima ulifahamu. Kijana anabisha hodi, anaamkia vizuri: "Shikamoo mama, naomba dakika tano tu." Anaweka glasi mbili mezani, moja ya maji ya bomba lako na nyingine ya maji ya mtambo wake. Anatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma na kukiwasha umeme. Maji yako yanageuka rangi ya kutu na kufanya mapovu machafu. Yake yanabaki meupe. "Unaona, mama? Huu ndio uchafu mnaokunywa na wajukuu." Uchafu ule umetoka kwenye vijiti vyenyewe. Maji yenye madini hupitisha umeme, na umeme huo unakila chuma cha vijiti na kukimwaga ndani ya glasi. Maji yaliyoondolewa madini yote hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana hayabadiliki. Mjibu kwa upole: "Marahaba mwanangu. Hebu tia chumvi kidogo kwenye hayo ya kwako, halafu urudie." Yatageuka vilevile. Onyesho hilo halisemi chochote kuhusu usalama wa maji yako, na linawatoa watu fedha za ada za watoto.

HATUA YA 3: LINGANISHA KAZI YA KILA AINA

Vijidudu wanapishana sana kwa ukubwa. Protozoa kama giadia na amiba ni wakubwa, kuanzia maikroni 4 au 5 kwenda juu. Bakteria wengi wako kati ya 0.2 na 5. Virusi ni wadogo mno, wengi chini ya maikroni 0.1. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni: matundu yake ni maikroni ngapi? Asiyejua, au anayesema "inachuja kila kitu", hajakujibu.

Kauri. Huu ndio mshumaa mweupe unaofungwa kwenye sakafu ya ndoo ya juu, maji yakidondokea ndoo ya chini; upo pia wa umbo la chungu. Matundu yake huwa chini ya maikroni moja. Kauri nzuri huzuia protozoa na bakteria walio wengi sana, na mara nyingi hupakwa madini ya fedha ili vijidudu wasizaliane ndani yake. Virusi wengi hupita. Haitumii umeme wala presha. Udhaifu wake ni kuvunjika: ufa mwembamba usioonekana unatosha kuharibu kazi yote. Kwa maji ya mwambao huu mimi naiheshimu kuliko vingi vinavyong'aa, mradi ifuatiwe na klorini.

Nyuzi zenye uwazi. Ndani ya kopo la plastiki kuna mamia ya nyuzi nyembamba, maji yanapita kwenye kuta zake. Zenye matundu ya maikroni 0.1 huzuia bakteria na protozoa, zenye 0.02 au chini yake huzuia na virusi pia. Tofauti hiyo ya namba ndiyo inayopaswa kuamua bei, kwa hiyo isome kwenye boksi. Maji hutoka kwa kasi kuliko kauri. Sharti ni kuzisafisha kwa kusukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano linalokuja nalo, na usipofanya hivyo maji ya tope ya masika yataziziba mapema.

Kaboni, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu. Huondoa harufu, ladha, klorini, baadhi ya dawa za mashambani, na hupunguza sumu ya mwani. Haiondoi floraidi, naitreti wala chumvi, na peke yake haikukingi na vijidudu. Kuna jambo hapa ambalo wauzaji hawalisemi: ukiondoa klorini ya MWAUWASA, umeondoa pia ulinzi wa maji yale yakiwa ndooni. Maji yaliyopita kwenye kaboni yanywewe mapema au yatiwe dawa upya.

Taa ya UV, yaani ya urujuanimno. Mwanga wake huua vijidudu wa makundi yote matatu, lakini lazima maji yawe maangavu, kwa kuwa kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya tope hakiguswi. Umeme ukikatika, maji yanapita bila kutibiwa kama mtambo hauna valvu ya kujifunga. Taa nyingi hudhoofika baada ya mwaka mmoja hivi ingawa bado zinawaka, kwa hiyo usisubiri izimike.

RO, kifupi cha Kiingereza cha "reverse osmosis". Pampu inasukuma maji kwenye utando wenye matundu madogo kiasi kwamba hata madini mengi yanabaki nyuma. Ni mojawapo ya machache yanayoondoa floraidi, naitreti na sehemu kubwa ya aseniki, pamoja na vijidudu. Gharama yake ni umeme, presha, vipuri, na maji yanayomwagwa: mitambo mingi ya nyumbani humwaga lita mbili hadi nne ili kupata lita moja. Kwenye mtaa wa mgao, hizo ni lita za kuogea watoto. Kwa maji ya ziwa, ambayo madini yake ni machache tangu mwanzo, RO inalipishwa kuondoa kitu ambacho hakipo. Kwa kisima chenye floraidi kali, ni mjadala mwingine kabisa.

Chujio la mchanga. Hili fundi anaweza kulijenga kwa zege: mchanga wa kina cha zaidi ya nusu mita, juu yake maji ya sentimita 5 yanayobaki muda wote. Kwenye uso wa mchanga huota utando hai unaokula vijidudu, na huchukua wiki tatu hadi nne kukomaa. Kabla ya hapo usiyaamini maji yake. Mchanga bora ni wa mawe yaliyopondwa, ukachekechwa na kuoshwa vizuri, na Mwanza mawe si haba. Mchanga wa ufukweni una uchafu wake, uache. Chujio hili linadumu miaka na linavumilia tope, lakini bakteria wanaobaki wanatosha kuhitaji klorini baadaye.

Machujio ya floraidi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floraidi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mtanzania Askwar Hilonga naye alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo sana zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa eneo. Mkaa wa mifupa huchoka, na ukichoka maji yanaendelea kutoka meupe huku floraidi ikipita. Anayeuchagua lazima apime tena na tena. Kwa wengi wanaoishi kwenye ukanda wa floraidi, kubadili chanzo ni salama kuliko kubadili chujio: maji ya mvua ya kunywa na kupikia, au bomba. Maji ya ziwa yanayochotwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanafika hadi Shinyanga na Kahama.

Na kuchemsha je? Maji yanayotokota kwa nguvu yameua bakteria, virusi na protozoa. Ni kipimo ambacho chujio lolote lazima lifikie. Kuchemsha hakuondoi madini, floraidi hata huongezeka kidogo kwa kuwa maji yamepungua na yenyewe imebaki. Mkaa na gesi vinapanda bei, na maji yaliyochemshwa huchafuka upya yakimiminwa kwenye chombo kichafu. Asiyemudu chujio mwezi huu asikate tamaa. Achemshe, au atumie dawa ya klorini ya dukani kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na asubiri nusu saa.

HATUA YA 4: SOMA ASILIMIA KWA MAKINI

"Inaondoa vijidudu kwa asilimia 99." Inasikika vizuri. Chukua maji yenye bakteria 10,000 kwenye glasi: asilimia 99 inaacha 100. Asilimia 99.99 inaacha mmoja. Zile tisa mbili za mwisho ni tofauti ya mara mia moja, na kwa mtoto wa miaka miwili ni tofauti kati ya kucheza na kulazwa.

Uliza pia ni vijidudu wa kundi gani. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kupima vifaa vya kutibu maji majumbani na huvipa nyota. Nyota tatu ni kwa kifaa kinachopunguza bakteria na protozoa kwa asilimia 99.99 na virusi kwa 99.999. Nyota mbili ni 99 kwa bakteria na protozoa, na 99.9 kwa virusi. Nyota moja ni kwa kifaa kinachofikia kiwango hicho cha nyota mbili kwa makundi mawili tu kati ya matatu, kwa hiyo kinahitaji msaidizi. Machujio mengi ya kauri yako hapo, na msaidizi wake wa kawaida ni klorini.

Kwenye maboksi ya kutoka nje utakuta namba za NSF, shirika la Marekani la viwango. Namba 42 ni ya ladha, harufu na klorini, haihusu afya. Wauzaji hupenda kuionyesha kwa kuwa ina muhuri. Namba 53 inahusu uchafu wa kiafya kama risasi, lakini lazima usome ni uchafu upi hasa uliothibitishwa. Namba 55 ni ya taa za UV, na 58 ni ya RO. Boksi lililoandikwa "viwango vya kimataifa" bila namba halijasema kitu.

HATUA YA 5: ANGALIA KAMA NYUMBA YAKO INALIWEZA

Presha ya maji hutokana na kimo. Mita 10 za kimo hutoa bari moja. Simtanki iliyo juu ya mnara wa mita 3 inakupa bari 0.3 tu, ilhali mitambo mingi ya RO inahitaji karibu bari 3 ili ifanye kazi vizuri. Bila pampu hapo hakuna kitu, na pampu inataka umeme. Kauri, mchanga na nyuzi za kuning'iniza zinatosheka na uzito wa maji ya ndoo.

Kisha kasi. Mshumaa mmoja wa kauri hutoa lita moja hadi mbili kwa saa ukiwa safi. Familia ya watu watano inahitaji kama lita 15 za kunywa kwa siku. Ndoo ya mishumaa miwili ukiijaza jioni, asubuhi maji yapo. Ya mshumaa mmoja itawaangusha siku ya wageni, na siku hiyo ndipo watu hunywa ya dumuni.

Maji yako yakiwa na tope, lolote utakalonunua litaziba. Yaache yatulie usiku mzima, mimina yale ya juu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo uweke kwenye chujio. Shabu huharakisha tope kuzama. Mbegu za mlonge zilizotwangwa pia, ila maji ya mlonge yasikae siku nyingi kwa kuwa mabaki ya mbegu huoza.

HATUA YA 6: PIGA HESABU YA MIAKA MITATU

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Chukua mfano huu, halafu weka bei ulizopewa wewe. Tuseme ndoo za kauri ni shilingi 60,000 na mishumaa inabadilishwa kila miezi sita kwa 15,000. Kwa miaka mitatu utabadilisha mara tano: 75,000. Jumla 135,000. Lita 15 kwa siku kwa miaka mitatu ni lita 16,425, sawa na kama shilingi 8 kwa lita.

Tuseme RO ni 450,000 na vipuri vyake ni 80,000 kila mwaka unapoisha, mara mbili. Jumla 610,000, yaani shilingi 37 kwa lita, kabla ya umeme na maji yaliyomwagwa.

Muulize muuzaji swali hili kabla hujatoa pesa: "Kipuri chake unacho hapa dukani leo?" Kama kinaagizwa Dar es Salaam au China na hakuna tarehe, unanunua kifaa cha miezi sita.

HATUA YA 7: LIJARIBU KABLA YA KULIAMINI

Kwa mshumaa wa kauri kuna jaribio la mapovu ambalo halihitaji maabara. Uloweke mshumaa kwenye maji safi usiku kucha mpaka ulowe kabisa. Chomeka kipande cha mpira safi kwenye shina lake la plastiki, uzamishe wote kwenye beseni la maji, kisha puliza kwa mdomo, kwa nguvu ya kawaida na bila kuacha. Kauri nzima iliyolowa haipitishi pumzi ya mtu. Itatoa kigugumizi cha mapovu machache ya hewa iliyokuwa imenata juu, kisha kimya. Mstari wa mapovu ukitoka sehemu moja, hapo pana ufa. Mapovu yakitoka pale kauri inapokutana na kitako cha plastiki, gundi imeachia. Urudishe dukani. Fanya hivi siku unaponunua, na kila mshumaa unapoanguka hata kama unaonekana mzima.

Halafu pima muda. Jaza ndoo ya juu hadi mwisho na uangalie lita moja inachukua dakika ngapi kujaa, uiandike ukutani. Ikichelewa kuliko mwanzo, kauri imeziba, ioshe. Ikiharakisha ghafla, watu hufurahi, lakini hiyo ndiyo habari mbaya: maji yamepata njia ya mkato.

Mwisho, baada ya wiki mbili au tatu za kutumia, peleka sampuli mbili maabara, moja ya kabla ya chujio na nyingine ya kutoka kwenye koki ya chini. Jozi hiyo inakuambia kazi ya chujio lako wewe, nyumbani kwako, kuliko boksi lolote.

HATUA YA 8: LINDA MAJI YALIYOKWISHA KUCHUJWA

Sampuli ya pili ikirudi na E. coli, usilaumu mshumaa kwanza. Angalia ndoo ya chini na koki yake. Kata inayotumbukizwa na mkono, kikombe cha mtoto, kitambaa cha kufutia: hivi hurudisha vijidudu walewale uliowatoa. Chombo kiwe na mfuniko na koki, watu wakinge na wasichote. Osha ndoo ya chini na koki kila wiki kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha suuza kwa maji yaliyochujwa, kamwe si kwa maji ya dumu.

Kauri isuguliwe kwa brashi laini chini ya maji safi, bila sabuni, kwa kuwa sabuni huingia kwenye matundu. Shina la chini lisigusane na maji ambayo hayajachujwa wakati wa kuosha. Hapo ndipo kazi ya wiki nzima huharibika kwa dakika moja.

Klorini itiwe kwenye ndoo ya chini, baada ya kuchuja, kwa sababu kauri na kaboni zikitangulia, dawa haipotei kwenye tope. Baada ya nusu saa ibaki karibu miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Vipo vikaratasi vya kupimia vinavyobadilika rangi. Kwa nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito au mtu anayeishi na VVU, usiiruke hatua hii, na mtaani kukisikika kipindupindu chemsheni hata yaliyochujwa.

Ukiniuliza ninachomshauri jirani wa Igoma au Igombe anayetumia bomba au ziwa: ndoo mbili, mishumaa miwili ya kauri iliyofaulu jaribio la mapovu, klorini chini, koki safi. Akiwa na uwezo zaidi na virusi vikimsumbua akilini, nyuzi za maikroni 0.02. Mwenye kisima kirefu asinunue chochote mpaka karatasi ya maabara iwe mkononi, na kama aseniki imezidi, maji hayo yabaki ya kufulia.

Siku unapofunga mshumaa mpya, andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ubavu wa ndoo ya juu, na chini yake tarehe ya kuubadilisha. Mshumaa uliosuguliwa mpaka ukawa mwembamba kuliko kipimo cha plastiki kilichokuja nao haungojewi ufikishe tarehe hiyo.